Uyoga Uliokauka Polepole

Usiku ule mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu karibu na dirisha la mbele, nashona kola za mashati ya shule, na kila gari lililopita barabarani nililisindikiza kwa masikio mpaka likapotelea mbali. Hakuna lililosimama. Binti yangu alikuwa ameondoka alfajiri na dereva wa taasisi yao kwenda msitu wa mlimani kutafuta uyoga wa aina moja tu, na aliniahidi kurudi kabla ya giza. Giza lilikuwa limeshaingia, likakaa, likajitandaza. Simu yake ilipokelewa na yule mwanamke wa mtandao anayesema namba haipatikani, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Lala, mama watoto," mume wangu aliniambia kutoka chumbani.

"Wewe lala. Usingizi wako unatutosha sote wawili."

"Yuko na dereva, na dereva ni mtu mzima."

"Utu uzima hauzuii mto kufurika."

Kitanda kikalia akijigeuza. Baada ya muda nikamsikia anakoroma, lakini ulikuwa mkoromo wa uongo. Nimeishi naye vya kutosha, naujua wa kweli.

Huyu binti tuliyekuwa tunamngoja, mtaa mzima unamwita Kifaranga, ingawa sasa ni mwanamke mwenye funguo za ofisi mfukoni. Jina hilo alipewa na bibi yake, mama mkwe wangu, siku alipomkuta nyuma ya nyumba akipekua majani makavu kwa vidole. "Mtoto huyu anachakura kama kifaranga," bibi alisema, na ikawa ndiyo hiyo. Watoto wenzake walitazama ndege na magari. Wangu alitazama chini. Tukitoka naye kwenda sokoni nilikuwa nafika peke yangu, nageuka, namwona nyuma kabisa amechuchumaa kwenye kisiki cha watu.

Alichokuwa anatafuta ni uyoga. Na mimi uyoga nilikuwa nauogopa. Nilipokuwa msichana niliona jirani yetu akibebwa kupelekwa hospitali pamoja na wanawe, baada ya kula uyoga waliodhani ni ule wa siku zote. Walipona, lakini zile sura zao sikuzisahau. Kwa hiyo nyumbani kwangu amri ilikuwa fupi: usiushike, usiunuse, usiulete ndani. Kifaranga alitii kwa namna yake. Hakuwahi kuula hata mmoja. Mengine yote aliyafanya kwa siri, na viberiti vyangu vitupu vikawa vinaisha jikoni kwa sababu ndiyo masanduku yake.

Asubuhi moja niliamka nikakuta juu ya meza yangu ya kazi kofia ya uyoga imefunikwa na bakuli. Chini yake kulikuwa na kola nyeupe ya shati la mteja. Nilipoinua bakuli na kuisukuma ile kofia kwa ncha ya mkasi, nikaona kola imechafuka unga wa kahawia. Nilimwita kwa sauti iliyowaamsha hata majirani. Akaja mbio, na badala ya kuomba radhi akapiga makofi.

"Mama, umejichora! Umejichora wenyewe!"

Nilikuwa nimeinua mkono nimzabe kibao. Sijui kwa nini nilitazama tena ile kola. Ule unga haukuwa uchafu wa hivi hivi. Ulikuwa umepangika mistari myembamba, yote ikitoka katikati kwenda pembeni, kama marinda ya sketi yaliyopigwa pasi na fundi mwenye subira kuliko mimi. Kumbe chini ya kofia uyoga una vikunjo, na usiku kucha unadondosha ule unga, na unga huo ndio mbegu zake. Mkono niliushusha. Kola nilishona nyingine. Ile iliyochorwa ninayo mpaka leo kwenye kopo la vifungo.

Basi hivyo ndivyo alivyokua. Alisoma mpaka pale uwezo wetu ulipofika, akapata cheti cha kazi za maabara, na taasisi moja ya utafiti ikamchukua kwenye chumba cha uyoga mkavu. Nilikwenda kukiona. Ni chumba kirefu chenye makabati ya mbao toka sakafuni hadi darini, na ndani ya makabati mna bahasha za karatasi, na ndani ya kila bahasha mna uyoga uliokauka mwepesi kama gamba la kitunguu. Kunanuka udongo na vitabu vya zamani. Kazi yake ilikuwa kupokea kilichotoka msituni kikiwa bado kibichi. Anakinusa, anaandika rangi yake kabla haijabadilika, anakata kipande kidogo na kukitia kwenye kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu, halafu sehemu iliyobaki anaikausha kwa hewa ya vuguvugu. Vuguvugu, aliniambia, kiasi cha maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sio zaidi.

Mkuu wake ni mwanamke tunayemwita Profesa, mwenye miwani usoni na nyingine imening'inia kifuani. Ana kicheko kinachofika kabla yake. Nilipopewa kazi ya kuwashonea makoti meupe ya maabara, alikuja mwenyewe nyumbani kupimwa, akakaa kwenye kigoda changu kama ndugu. Nikamuuliza jambo lililokuwa linanikera siku nyingi.

"Profesa, huo uyoga mnaoutafuta hauliwi wala si dawa. Mnautakia nini?"

Hakunicheka. Alichukua vipande vitatu vya bluu kutoka kwenye mabaki yangu ya sare, akaviweka magotini.

"Dada yangu, hivi vimetoka jora moja?"

Nikavishika. "Hivi viwili ndiyo. Hiki ni cha jora jingine, kimefanana rangi tu."

"Umevitofautisha vipi?"

"Nyuzi zinavyopishana. Na ukifua mara moja, hicho kitajisema."

"Ndiyo kazi yetu hiyo. Kuna uyoga mdogo, mweusi wenye pindo la zambarau, unaota kwenye magogo yaliyooza katika misitu mikubwa ya kule jua linakotua. Huko ndiko unakojulikana. Sasa huyu Kifaranga wako ameona unaofanana nao hapa kwetu, kwenye msitu wa mlimani. Katikati ni nyika tupu, safari ya siku na siku, hakuna gogo lenye unyevu wala kivuli. Umefikaje?"

"Si upepo umebeba zile mbegu?"

"Huenda. Kama ni upepo wa juzijuzi, huu na ule wa kule watakuwa kama pacha. Lakini wapo wanaosema zamani sana msitu ulikuwa kitambaa kimoja, toka huku mpaka kule. Nchi ikakauka, kitambaa kikachanika katikati, yakabaki maraka juu ya milima. Kama ndivyo, basi huu wetu na ule wa kule ni binamu ambao babu zao waligawana nyumba zamani, na tangu hapo hawajatembeleana."

"Milima haikutani," nilisema.

"Haswa! Haikutani. Na ndugu wakikaa mbali muda mrefu, kila mmoja anajibadilikia kivyake. Macho yangu haya manne hayawezi kuniambia waliachana lini. Hilo linasomwa ndani kabisa, kwenye maandishi ya urithi ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo. Ukinipa kipande kizuri, nitakwambia ni pacha au ni binamu."

Kipande kizuri. Hapo ndipo yalipomkuta binti yangu.

Uyoga ule wa kwanza aliuona yeye, juu ya gogo lililolala kwenye kijito, akapiga ukelele uliowafanya wenzake wadhani ameona nyoka. Walikuwa kambini. Mvua haikuwapa nafasi, kikaushio kilikuwa kimejaa uyoga wa watu wengine, na gari lilikuwa linaondoka kesho yake mapema. Kifaranga akaogopa uyoga usije ukaoza njiani. Akatandika waya juu ya jiko la mpishi, akauweka pale, akasogeza makaa. Na kwa ile pupa akasahau kukata kwanza kile kipande kibichi cha kutia kwenye kichupa, kazi ambayo alikuwa ameifanya kila siku ya maisha yake ya kazi.

Ulikauka vizuri kwa macho. Ulikuwa mzima, umbo lake kamili, unalia kama mkate mkavu ukiugusa. Profesa aliutazama kwa hadubini, akasema ukoo ni ule ule wa kule machweo. Lakini ulipopelekwa kwa fundi wa kusoma yale maandishi ya urithi, ikawa kimya. Fundi huyo wanamwita Bwana Glavu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona vidole vyake kazi ikiwa haijaisha. Mlango wake una karatasi inayosema usigonge. Siku hiyo aliufungua kidogo tu, akatoa pua na ule mkono wa mpira.

"Wewe binti, ulikaushia wapi huu?"

"Jikoni, kaka. Kambini."

"Nilijua tu. Yaliyomo yamekatikakatika, hakuna hata mstari unaosomeka. Hujaniletea sampuli, umeniletea kitafunwa."

Akafunga.

Kifaranga alinisimulia yote haya akiwa amesimama mlangoni kwangu, mkoba bado begani. Baba yake, ambaye ana methali kwa kila ajali, akasema haraka haraka haina baraka. Nilimtazama jicho ambalo analielewa. Akaenda kumwagilia maua yaliyokuwa yamenyeshewa mchana kutwa.

Profesa hakumfokea. Alimpa tu kazi ya kubandika vibandiko kwenye bahasha, na safari za msituni zikaenda bila yeye. Mwenyewe alisema ni sawa, ni haki. Lakini mama haambiwi, anaona. Mwanangu aliacha kutazama chini. Tulikwenda sokoni, tukapita kwenye kile kisiki ambacho tangu utotoni hakuwahi kukipita bila kuinama, akakipita kichwa juu, macho mbele. Mama mwingine angefurahi binti yake kutembea hivyo. Mimi nilishikwa na baridi.

Zikapita mvua zile, kikapita kiangazi. Uyoga ule hutokea mvua za kwanza tu, siku chache, halafu hakuna anayejua unakokwenda. Mawingu yalipoanza kujikusanya tena, Profesa alimwita. "Nina gari moja la siku moja. Nenda wewe. Ukiupata, sawa. Ukiukosa, tutaandika kwamba ulionekana mara moja na haukuthibitishwa, tutafunga mjadala, nami nitapeleka nguvu zangu kwingine." Ndiyo safari aliyokwenda. Ndiyo maana nilikuwa kwenye cherehani usiku ule, nikishona kola na kuzifumua, maana nilikuwa nimezishona zote kinyume.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika. Nikasikia gari, na safari hii likasimama.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya dereva. Nilifungua kabla hajamaliza. Nyuma yake alikuwa Kifaranga, matope mpaka magotini, amekumbatia kopo la bati lenye matundu. Nikamrukia.

"Mama, polepole! Usinibane, nina mgeni."

"Mgeni gani? Usiku kucha roho yangu iko juu, unaniambia mgeni?"

"Umeme upo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nilitaka kulia, nikacheka.

Dereva ndiye aliyeeleza, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mto ulikuwa umefunika daraja, wakalala garini ng'ambo. "Na madirisha wazi, mama! Mvua inaingia, mbu wanaingia, yeye anasema tukifunga uyoga utatokwa jasho. Uyoga utokwe jasho, mimi nipate homa, sawa tu."

"Lakini mmeupata," nilisema.

"Tumeupata? Nimeupata mimi! Amechakura toka asubuhi, lile gogo la zamani limechukuliwa na kijito, hakuna kitu. Tunarudi zetu, nikaomba ruhusa niende nyuma ya mti kwa shughuli zangu. Nimejiweka sawa, nikaona kidude cheusi kina pindo. Nikamwita, 'Dada, chako si hiki?'"

"Na mimi nikapiga kelele," Kifaranga alidakia, "'Geuka! Geukia upande wa pili!'"

"Mtu mzima nageuzwa kama chapati," alisema dereva. Mume wangu, aliyekuwa ametoka na shuka begani, alicheka mpaka akakaa chini.

Kipande kibichi alikuwa ameshakikata pale pale chini ya mti, kabla hata hajavuta pumzi, na kichupa kilikuwa kimeshonwa ndani ya mfuko wa shati lake. Akanionyesha mshono. Ulikuwa mbaya, nikauona mzuri. Lakini sehemu iliyobaki ilitakiwa ikaushwe siku hiyo hiyo, na ilikuwa siku ya mapumziko, taasisi imefungwa. Tukachukua boksi la majora, tukalitoboa matundu, tukaning'iniza balbu ndani na kutandika wavu juu yake. Akatia mkono, akatoa, akapunguza, akatia tena. Macho yalikuwa yanamfumba akiwa amesimama.

"Nenda kalale," nilimwambia. "Nitaangalia mimi."

"Mama, likizidi joto..."

"Nimewaogesha watatu. Maji ya mtoto nayajua."

Alilala palepale kwenye mkeka, karibu na boksi. Nikakaa siku nzima naingiza mgongo wa mkono kama ninavyopima pasi kabla ya kuigusisha hariri. Uyoga ambao niliuogopa maisha yangu yote ulikuwa mbele yangu, mdogo kama kifungo cha koti, mweusi, pindo la zambarau limekunjika vizuri kuliko pindo lolote nililowahi kupiga. Mume wangu akapita.

"Mnaatamia?"

"Tunaatamia."

"Kifaranga ametaga?"

"Nenda, baba watoto, unaleta upepo."

Ulikauka polepole. Jioni ulikuwa mwepesi bila kuwa mgumu, na rangi yake haikukimbia.

Kusubiri kulikofuata kulikuwa kwingine. Hakukuwa na mto wala giza, ila mlango wa Bwana Glavu na ile karatasi yake. Alisema asiulizwe, yakisomeka atasema, yasiposomeka atasema. Kifaranga aliendelea kubandika vibandiko. Nyumbani alikula kidogo, nami nikawa nampakulia kingi, nipime wasiwasi wake kwa kile kilichobaki kwenye sahani. Usiku nilikuwa najiuliza: je, ile balbu? Je, pale adhuhuri niliposinzia kidogo? Mama akikosa la kuogopa hulishona mwenyewe.

Makoti mengine ya maabara waliyoniagiza yalipokamilika niliyapeleka mwenyewe. Nilimkuta Kifaranga kwenye benchi la korido, nje ya ule mlango.

"Amesema leo," aliniambia.

"Amesema nini?"

"Amesema atasema leo."

Nikakaa naye, makoti magotini. Ndani kulikuwa na mlio wa mashine, wa chini, wa kuendelea, kama cherehani ya mtu anayeshona mshono usio na mwisho. Profesa akapita, akatuona, akajifanya ana shughuli kwenye ubao wa matangazo ambao haukuwa na tangazo. Miwani zote mbili alizivaa kichwani.

"Mwanangu," nilisema, "usiposomeka je?"

Alifikiri. "Basi bado upo. Msitu bado upo, ule mti dereva anaujua, na mimi najua nilipokosea. Mvua zitarudi, mama. Nitakwenda hata kwa miguu."

Hayo hakuyasema kwa kunifariji. Niliangalia uso wake, nikaona hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ametazama chini. Kwenye kona ya sakafu, pale bomba linapovuja na ukuta kubaki na unyevu, kulikuwa na doa la kijivu lenye manyoya membamba. Akateleza kutoka kwenye benchi, akachuchumaa kama alivyokuwa akichuchumaa nyuma ya nyumba yetu.

"Mama, njoo uone hii."

"Hiyo ni kuvu ya ukuta, mwanangu. Hata kwangu ipo."

"Ndiyo, lakini tazama inavyotoka katikati kwenda pembeni."

Nikainama. Magoti yakalia, lakini niliinama. Tulikuwa hivyo, mama na binti, vichwa kwenye kona kama wanaotafuta sindano, tuliposikia mashine imenyamaza. Profesa aliacha kusoma ubao mtupu. Kitasa kikazunguka.

Mlango ulifunguka wote, mpaka ukagonga ukuta. Bwana Glavu alikuwa amesimama pale, na mikono yake ilikuwa mitupu. Vidole vyake ni vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Alimnyooshea Kifaranga mkono.

"Umesomeka mwanzo hadi mwisho," alisema. "Na si pacha, Profesa. Ni binamu, tena wa mbali hasa. Ingieni. Na wewe mama, ingia."